Mkasi wa Kocha

Tangu Kocha azikwe, kila mtu hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, amegeuka kuwa rafiki yake wa chanda na pete. Simu yangu haipumziki. Huyu anatuma picha ya kibanda chake, yule anatuma wimbo, mwingine anaandika kwamba mji umepoteza sikio lake. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitamsema, kwa sababu alipokuwa hai nilimsema vilevile usoni pake, na watu wakaniambia ni uchungu wa msiba tu, utapita. Haujapita.

Tulimwita Kocha, ingawa sijawahi kumwona akigusa mpira. Jina hilo alilipata kwa kazi aliyoifanya kila kiangazi. Hapa kwetu kiangazi tunakiita kipwa. Ni miezi ya baridi na vumbi jekundu, wanafunzi wamemaliza mitihani, watu wanaoana kila Jumamosi, na kila baa inatafuta muziki ambao baa ya jirani haina. Miezi hiyo ikikaribia, yeye alikusanya nyimbo za watu wasiojulikana na mtu, wasio na kampuni wala tajiri nyuma yao, akachagua chache, akazipanga, kisha akaziuza ndani ya kadi za simu na flashi katika kibanda chake kilichotazamana na nyumba yetu, ng'ambo ya barabara. Mkusanyo wenyewe aliuita Kipwa, basi. Wimbo wako ukichaguliwa, watu walisema umepangwa uwanjani. Ukiachwa, uko benchi. Nimeona wanaume wenye ndevu na watoto wa shule wakizunguka kibanda kile kama paka jikoni, wakisubiri kujua kama wako benchi.

Kusema kweli, alijua kutafuta. Hakungoja nyimbo zimfuate. Alikwenda Ruashi kumrekodi mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate na kuimba, na ukisikiliza vizuri unasikia mafuta yakichemka chini ya sauti yake. Alimtia katika Kipwa dereva kijana wa lori la bidhaa aliyetoka Beni, akiimba Kinande ambacho hapa Katuba hakuna aliyeelewa hata neno. Watu walipolalamika alijibu, "Munaelewa maneno ya ndege? Na asubuhi munasikiliza." Mwaka mwingine alimkuta sokoni mzee mpiga kalimba aliyekuja na magunia ya samaki wakavu kutoka Pweto. Alimrekodi palepale, katikati ya inzi na kelele, na ndani ya wimbo huo kuna mwanamke anayebishania bei tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza kwa nini hamwondoi yule mwanamke.

"Nimutoshe ya nini? Ule mama iko mu ngoma."

Naomba msomaji amkumbuke mwanamke huyo. Hakujulikana, hakuimba, alikuwa akitukana bei ya samaki, na Kocha alimwachia nafasi yake yote.

Alikuwa na mtihani mmoja kwa kila wimbo. Aliuwasha ndani ya kibanda, akafunga mlango, akatoka nje na kusimama nyuma ya ukuta, mikono kifuani, amevaa koti la mke wake kwa sababu la kwake alilitoa kwa mtu siku nyingi na hakumkumbuka ni nani. Alisimama hivyo kwenye baridi ya Juni, kamasi zikimtoka. "Wimbo yenye haipite ukuta," alisema, "haina miguu." Wapita njia wageni walidhani mzee amefukuzwa na mkewe.

Ulimi wake ulikuwa wembe. Kijana aliyekuja na sauti nzuri alimwambia, "Sauti yako iko nyumba ya muzuri, lakini hakuna mutu ndani." Binti mmoja wa kwaya alilia mbele yake, naye akampa kitambaa chake cha mfukoni na kumwambia arudi akishalia vya kutosha. Alirudi, akapangwa. Wachungaji hakuwapenda, aliwaita wauza mvua, lakini kila Kipwa ilifunguliwa na wimbo wa wajane wa kanisa fulani, na nimemwona kwa macho yangu akifuta machozi kwa kofia wakati wanaimba. Alisema hapokei zawadi ya mwanamuziki, na kweli alirudisha jogoo mara kadhaa. Samaki wa Pweto hakuwarudisha. Akila bukari, ugali wetu, alizima muziki wote, hata wa jirani alituma mtu kuomba upunguzwe, kwa maelezo kwamba mtu hawezi kutafuna vitu viwili. Na mimi nilikuwa nacheka. Ndiyo, nilikuwa mteja wa kibanda kile na shabiki wa mzee yule kabla sijawa adui yake.

Nilipomaliza shule nilikaa likizo nzima kwenye kigoda chake. Alinifundisha kusikiliza. Aliweka wimbo na kuniuliza, "Nani anaingia wa kwanza? Nani anatoka bila kuaga?" Nilidhani anaongea juu ya waimbaji. Alikuwa anaongea juu ya vyombo. Nilijifunza kwamba besi inaweza kuondoka na usijue imeondoka mpaka uhisi baridi. Sijui kusikia muziki kwa namna nyingine hadi leo, na hilo linanichoma, kwamba hata hasira yangu juu yake naipima kwa masikio aliyonipa yeye.

Sasa nije kwenye mabanga.

Mtu yeyote aliyekulia Kongo anayajua. Wimbo unakwenda vizuri, mara mwimbaji anaanza kutaja majina: huyu mkurugenzi, yule mwenye machimbo, bibi fulani wa Paris, présidente fulani wa kitu fulani. Wamelipa ili watajwe. Huko ndiko kutupa libanga, na kuna nyimbo ambazo ukiondoa majina hakibaki hata kibwagizo. Kocha aliyachukia kama mtu anavyochukia mwizi aliyewahi kumwibia. "Wimbo iko kama bomba ya maji ya avenue," alisema. "Ukiandika jina ya mutu moja juu yake, bengine bote banabakia na kiu." Kwa hiyo kila wimbo uliokuja na majina aliuingiza katika kompyuta yake ya zamani na kuyakata. Kazi hiyo aliiita mkasi. Hakumwomba mtu ruhusa. Wanamuziki walijua, wengine walinung'unika, lakini kati ya kukatwa na kukaa benchi walichagua kukatwa. Na sisi wasikilizaji tulimpigia makofi. Tulisema hatimaye kuna mzee mmoja Lubumbashi asiyepiga magoti mbele ya pesa.

Lakini mwanzoni mwa kila Kipwa, kabla ya wajane, kulikuwa na sauti yake mwenyewe: "Kipwa ya Kocha, kutoka Katuba, sikia!" Siku moja nilimwambia kwamba na hilo ni libanga.

"Ile hapana libanga," alinijibu bila hata kupepesa jicho. "Ile ni adresse."

Nilicheka siku hiyo. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, wanasema, lakini mimi sikuwa nimeerevuka bado.

Mdogo wangu alikuwa mchomeleaji. Mchana alichomelea milango na mageti, jioni alipiga gitaa uani, na hakuwahi kumsumbua Kocha kwa sababu aliona aibu. Kisha akatunga wimbo juu ya asubuhi za kipwa tulipokuwa wadogo, baridi inaingia chini ya mlango, na mama anaondoka na sufuria kichwani kwenda kupika kwenye matanga ya watu. Mama yetu aliongoza kundi la wamama wanaopika kwenye misiba na arusi za mtaa. Nyumba ikipata msiba, kabla ya jeneza kufika, mama na wenzake walikuwa wameshawasha moto. Alikuwa rais wao, basi mtaa mzima, kuanzia mchungaji hadi mlevi, walimwita Maman Présidente. Hakuwa na cheo kingine duniani.

Mdogo wangu alirekodi wimbo huo kwa rafiki yake mwenye kompyuta, katika chumba walichokizungushia magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Akaupeleka kwa Kocha kwenye flashi. Kocha akausikiliza nyuma ya ukuta, na hata haujaisha akaukubali. Siku hiyo mdogo wangu aliingia nyumbani akicheka peke yake. Mama alimwomba amwimbie. Alikataa.

"Utasikia na bengine, Mama. Lakini usikilize mpaka ku mwisho. Kuko kitu yako."

Aliondoka na lori kwenda Kolwezi kuchomelea tangi la mtu. Lori lilipinduka kabla ya Likasi. Walimleta amefunikwa blanketi la dereva. Simu yake haikurudi. Juma hilohilo umeme uliokuwa umekatika ulirudi kwa nguvu kama kawaida yake na kuunguza kompyuta ya rafiki yake, pamoja na vyote vilivyokuwamo. Kipwa ilitoka siku ile tunamzika.

Kwa hiyo alichobaki nacho mama ni wimbo uliokuwa kwa Kocha. Rafiki wa marehemu aliileta kadi matangani. Wamama aliokuwa akiwaongoza ndio waliokuwa wakimpikia sasa, na waliacha masufuria wakaja kusikiliza. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Wimbo ukaanza. Sauti ya mwanawe ikajaza ua, watu wakalia, yeye hakulia, alikuwa na kazi ya kusikiliza. Wimbo ukafika kwenye gitaa, gitaa likapiga peke yake kidogo, likanyamaza. Ukaanza wimbo wa mtu mwingine.

"Rudisha," mama alisema.

Wakarudisha. Gitaa, kimya, wimbo wa mtu mwingine.

"Na kitu yangu?"

Aliuliza tena, akitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeporwa kitu katikati ya ndugu zake. Ndipo rafiki wa marehemu aliposimama. "Mama, ilikuwako. Mi njo nilimurekodi. Alikuita, akaita na benyewe bote ba hapa nyumbani. Alikuwa anasema maneno ya mingi." Maneno gani? Hakuyakumbuka. Alikuwa anaangalia mashine isizime.

Nilivuka barabara na nguo zangu za msiba. Kocha alikuwa ndani anamuuzia mtu.

"Kocha, mwisho ya wimbo ya ndugu yangu iko wapi?"

"Ah, ile. Nilitosha na mukasi. Kulikuwa mabanga pale, Présidente sijui nani."

"Présidente ni mama yangu."

Alitazama ng'ambo, kwenye turubai la msiba wetu, kwenye mwanamke aliyekaa mkekani. Alimfahamu miaka yote. Alikula chakula chake kwenye misiba isiyohesabika. Yeye mwenyewe alimwita Maman Présidente kila asubuhi akipita, na hata hivyo alipolisikia neno hilo ndani ya wimbo alifikiri juu ya bibi fulani mwenye gari. Nilimwomba wimbo kamili. Alisema flashi ilisharudi kazini, imejazwa nyimbo za mteja. Kwenye kompyuta je? Huwa anahifadhi uliokatwa tu. Halafu, na hili ndilo sitamsamehe hata mbinguni kama tutakutana, alisema kwa sauti ya upole kabisa:

"Mais hata vile, wimbo iko muzuri zaidi bila ile."

Nilichukua redio ya kaunta na kuibamiza chini. Ilikuwa ya mteja. Sijali.

Wimbo ule ulipendwa kuliko wote wa mwaka huo. Uliimbwa Karavia kwenye arusi za watu wasiojua Katuba iko upande gani, ulipigwa kwenye teksi za kwenda Luano, wasichana waliufanya mlio wa simu. Kila mtu aliusifu mwisho: lile gitaa linalobaki peke yake! Watu walinisimamisha barabarani waniambie ndugu yangu alikuwa na akili ya kumaliza wimbo. Ni kweli ni mwisho mzuri. Nimefundishwa kusikiliza, nausikia. Hata nyumba ukiing'oa paa, utaona nyota vizuri. Lakini wanaolala ndani waulize siku ya mvua.

Kocha hakuja matangani. Alituma mfuko wa sukari kwa mkono wa mkewe. Kipwa iliyofuata ilianza moja kwa moja na wajane. Ile sauti ya "Kipwa ya Kocha, kutoka Katuba" haikuwapo, na haikurudi tena. Watu walidhani ni hitilafu ya kadi, wengine walirudisha wabadilishiwe. Mimi nilijua amejikata mwenyewe. Nilitaka kuridhika, nikajiangalia, nikakuta sijaridhika hata kidogo. Jina lake angeweza kulitamka upya kila siku akitaka.

Miaka ikaenda. Mkasi hakuuweka chini. Kibanda ndicho kilichokufa kwanza, maana siku hizi kila mtu anavuta nyimbo kwa simu yake, lakini yeye aliendelea kuchagua na kutuma kwa watu bure, koti la mkewe likiwa limebaki nyuzi. Tulipishana barabarani bila salamu. Majirani waliniona mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Mwaka huu, kipwa ilipoanza, miguu ya mama ilivimba na hakutoka tena nyumbani. Alasiri moja aliniambia, "Muite Kocha."

"Ya nini, Mama?"

"Yeye njo mutu wa mwisho alisikia."

Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hiyo, wakati mimi nilikuwa nahesabu kosa la mzee, mama alikuwa akimtazama ng'ambo ya barabara kama mtu aliyeshika mzigo wake. Aliona aibu kuuomba. Nilikataa siku ya kwanza, nikakataa ya pili. Kisha nikavuka barabara na kumwambia mama anakuita, bila kumwamkia. Aliinuka palepale. Alitembea kwa fimbo, na katikati ya barabara alivua kofia, sijui kwa nini mapema hivyo.

Mama hakumzungusha.

"Karibu, Kocha. Sikukuitia maneno. Ile ya kuhukumu niliachia Mungu. Mutoto alinibakishia kitu mu wimbo, na weye njo ulikisikia. Uniambie tu alisema nini. Hata bila gitaa."

Kocha alitazama kofia yake. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Sikusikia, Mama."

"Namna gani hukusikia? Ulikata weye mwenyewe."

"Nilisikia anaanza, Maman Présidente. Nikasema, eh, mabanga inaingia. Nikaweka mukasi palepale. Ya nyuma sikusikiliza."

Nilisimama. Miaka yote nilimchukia mtu aliyesikia, akapima, akaamua. Hata chuki yangu ilikuwa imempa heshima isiyokuwa yake! Hakupima kitu. Mwanamke wa sokoni Kocha alimsikiliza mpaka akamaliza kutukana bei ya samaki, na ndugu yangu hakumpa hata pumzi ya pili. Nilimwambia. Nilimwambia yote, na mengine ambayo siyaandiki hapa, na yeye alikaa anayapokea bila kuinua kichwa.

"Nyamaza," mama aliniambia. Kisha akamgeukia. "Ile kidogo ulisikia, useme. Lakini useme vile yeye alisema."

Kocha alifumba macho. Midomo ilicheza bila sauti, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Halafu akaita.

"Maman Présidenteee… Numbi."

Haikuwa sauti yake. Jina la mama aliliangusha chini mwishoni, kama mdogo wangu alivyoliangusha kila jioni akiingia uani na mikono myeusi, akitaka maji. Sikio alikuwa nalo, Mungu amlaani, sikio alikuwa nalo.

"Niko, baba," mama akaitika.

Kisha akasogea mbele kwenye kiti chake, akaweka mkono nyuma ya sikio, akangoja maneno yanayofuata. Kocha alifumbua macho akanitazama mimi, nimsaidie. Sikumsaidia. Nilimwacha amwangalie mama yangu, na mama alikuwa bado anangoja.